Kutaifisha maana yake nini hasa? Na mahakama nayo inataifisha?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: shuleni alifundishwa kutaifisha ni serikali kuchukua viwanda na mabenki ya watu binafsi, lakini siku hizi kwenye taarifa za habari anasikia mahakama imetaifisha gari lililokamatwa likiwa na magendo, sasa ipi ndo sahihi, na je kutaifisha si ni kunyang'anya tu kwa jina zuri?

Neno lenyewe halina siri. Taifa ukilitia -isha unapata taifisha, kuifanya mali iwe ya taifa, kama safi na safisha au rahisi na rahisisha. Kwa hiyo lazima mali iwe ilikuwa na mwenyewe, alafu umiliki uhame uende kwa umma. Serikali ikijenga kiwanda chake kuanzia msingi haijataifisha kitu, na ikiweka msimamizi kwenye benki inayoyumba huku hisa bado ni za wenyewe, huo ni usimamizi tu.

Mfano tunaoujua wengi ni Tanzania 1967, Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, lilipotoka Februari na mabenki binafsi yakataifishwa palepale, ikaundwa NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara, na mwaka 1971 ikafika zamu ya majumba ya kupangisha ambayo yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali ya kuyasimamia.

Sasa hili la kunyang'anya naomba tulitazame vizuri, maana watu wanagombana bure hapa. Uingereza ilitaifisha migodi ya makaa ya mawe 1947 na wenye migodi wakalipwa, Misri ilitaifisha Mfereji wa Suez 1956 vita ikapiganwa na wenye hisa wakaja kulipwa baadae, Urusi baada ya mapinduzi ya 1917 ilichukua mabenki bila kulipa, na kote huko tunasema kutaifisha. Neno linakwambia mali imehamia kwa nani, halikwambii kama fidia ilitolewa wala kama ilikuwa haki. Ukisema kunyang'anya umeshatoa hukumu, na ni haki yako kabisa kuitoa ila uilete na sababu zako, usidhani neno ni lilelile.

Kuhusu mahakama, mimi siwezi kusema ni kosa, gari lilikuwa la mtu na sasa ni la serikali, maana ya msingi ipo palepale. Ila sababu ni tofauti kabisa, huku ni adhabu kwa mtu aliyevunja sheria, kule ni uamuzi wa kisera ambao mwenye kiwanda hakushtakiwa kwa lolote, ndo maana mimi ningeandika "gari limetaifishwa kwa amri ya mahakama" ili msomaji asihangaike. Na tusichanganye na kufilisi tafadhali, mtu akifilisiwa mali zake zinauzwa kulipa wanaomdai, wala haziendi kwa taifa.

Kinyume cha kutaifisha ni kubinafsisha, neno linalotokana na binafsi, na tendo linaitwa ubinafsishaji. Hapa kuna kitu kinaniumiza sana, watu wanaandika "utaifa wa viwanda" wakimaanisha utaifishaji. Utaifa ni ile hali ya kuwa taifa au kuwa wa taifa fulani, kiwanda kinahitaji utaifishaji, andikeni hivyo.