Maswali na majibu: hapo mwenye uhakika ni nani?

"She is sure to win" na "She is sure of winning" si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi huteleza. Katika sentensi ya kwanza mwenye uhakika ni msemaji: anaona dada huyo atashinda tu, hata kama mwenyewe amekwisha kata tamaa. Katika ya pili uhakika ni wa dada. Anajiona mshindi, na msemaji huenda anamcheka kimoyomoyo. "Certain" nalo linafuata mkondo huohuo. Ila ukianza na "It is", chukua "certain" peke yake: "It is certain that she will win". Ile "It is sure that" inayojaa kwenye insha, wenye lugha hawaisemi.

"Surely" na "certainly" zinabadilishana?

Mara chache. "Certainly he knows" ni kauli iliyofungwa: anajua, basi. "Surely he knows" ina wasiwasi ndani yake. Msemaji anatarajia umuunge mkono, kama tunavyosema "Si anajua lakini?"

"He must be at home" ina nguvu kuliko "He is at home"?

Hapana, ina nguvu pungufu. Uliyemwona kwa macho yako humsemei "must". Hilo ni la anayeunganisha dalili: taa inawaka, viatu viko mlangoni. Na kinyume chake ni "can't be". "Mustn't" ni katazo.

"No doubt" ni "bila shaka"?

Kwa sura, ndiyo. Kwa matumizi, limechakaa: "No doubt you are tired" ni kama "Nadhani umechoka". Ukitaka shaka iondoke kweli, sema "There is no doubt that".

Maneno haya yana asilimia zake?

Wapo waliolazimika kuyapimia. Mwaka 1964 Sherman Kent, mchambuzi wa CIA, alipendekeza "almost certain" iwe kama asilimia 93 na "probable" kama 75. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, huandika "virtually certain" kwa asilimia 99 kwenda juu, "very likely" kuanzia 90, na "likely" kuanzia 66. Rafiki akikuambia "I'll likely come", usimpigie hesabu hiyo.

Ni "definitely" au "definately"?

La kwanza. Halina "a" hata moja.