Mjomba wako atakaa mkekani

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, usingizi ukaniruka. Umeniuliza kama washenga wakija Jumamosi tunaweza kusema mjomba wako amesafiri, maana umesikia upande wa mwenzio wanaulizauliza kama ukoo wetu una kichaa.

Hapana, mama. Hatutasema hivyo.

Unaijua mila yetu Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno binti anapoposwa. Nami sina kaka mwingine.

Hofu yako naielewa kwa sababu niliibeba kabla yako. Alipoanza kuugua mwaka 1998 alikuwa na miaka 22, akawa anajibizana na sauti ambazo sisi hatuzisikii. Tukasema amerogwa. Kwa mganga alifungwa kamba miguuni. Yale makovu uliyoyaona utotoni nilikuambia aliungua na uji. Nisamehe kwa uongo ule. Tulipompeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, niliwaambia majirani amepata kibarua kwenye miwa, Kilombero. Hospitali ile ipo tangu 1927, na hadi leo watu wanalitumia jina lake kutukania. Mtu akilazwa kwa kuvunjika mguu, watu wanapanga foleni na machungwa. Yeye hakuletewa hata salamu, na mimi dada yake nilikwenda mara moja tu.

Akarudi ametulia. Kwenye msiba wa babu yako wanaume walikula sinia moja, yeye akatengewa sahani ya plastiki nyuma ya banda. Aliyemtengea ni shangazi yetu, na shangazi anampenda, ndiyo inayoniuma zaidi. Alikula hadi akamaliza bila kuinua macho, akaiosha sahani mwenyewe.

Halafu ile mikono. Akimimina chai birika linatetemeka, watu wanakonyezana kwamba kichaa bado kipo. Ni dawa, mwanangu. Sindano anayochoma kila mwezi inazituliza zile sauti, lakini inamkaza misuli na kumtetemesha. Kile kinachomsaidia ndicho wanachokiona, wanakiita ugonjwa.

Mwenzio akiwa na wasiwasi juu ya watoto, mweleze ukweli ulivyo. Ugonjwa unaitwa skizofrenia, na watu wapatao milioni 24 duniani wanaishi nao. Kwa mtu yeyote, uwezekano wa kuupata maishani ni kama 1 kati ya 100. Kwako wewe mwenye mjomba mgonjwa ni kama 2 hadi 4 kati ya 100. Si mkosi, wala si laana ya ukoo. Na kama wanaogopa kupigwa, wagonjwa walio wengi hawamgusi mtu. Mjomba wako ndiye aliyepigwa mawe na watoto njiani kwenda kliniki, wakubwa wakitazama.

Wakiondoka kwa sababu yake, nitalia na wewe. Lakini kumficha tena siwezi.

Asubuhi nilimweleza habari za Jumamosi. Akaniuliza kama wageni watakubali kula naye. Nikamwambia sinia litakuwa moja, naye ndiye atakayenawa kwanza. Ameniletea shati lake jeupe nimshonee kifungo cha mkononi, kile ambacho vidole vyake vinashindwa kukifunga. Niache nikamshonee kabla jua halijazama.

Mama yako,
Matombo, Morogoro