Mmetengana, uraia bado unawezekana

Pole sana dada yangu, hayo mambo yanachosha. Umeuliza kama unaweza kuomba uraia wa Marekani sasa hivi maana grini kadi yako ya kupitia mume ina miaka mitatu na nusu, ila ulihama kwake mwaka jana. Bado mamangu. Ile njia ya miaka 3 ya walioolewa na raia inataka uwe umeishi na mumeo raia miaka hiyo yote mpaka siku unatuma fomu, hata kama talaka haijatoka. Na tafadhali usijaze kwamba mnaishi wote, uongo kwenye N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, unaweza kukupotezea mpaka hiyo kadi.

Subiri miaka 5 tangu upate kadi, humo saini yake huihitaji, na unaruhusiwa kutuma siku 90 kabla haijatimia. Uwe umekaa Marekani angalau miezi 30 ndani ya hiyo 5, ukienda nyumbani kusalimia usifikishe miezi 6. Kama kadi ya kwanza ilikuwa ya miaka 2 na masharti hayajaondolewa anza na hilo, talaka ikishatoka unajaza I-751, fomu ya kuondoa hayo masharti, peke yako.

Ila kwenye usaili wa uraia watu wa uhamiaji watakuuliza tu kuhusu ndoa, wanataka kujua ilikuwa ya kweli. Mimi nilibeba bahasha, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, karatasi za kodi, mpaka risiti ya kitanda tulichonunua wote, na yule ofisa aliishika ile risiti akaisoma yote taratibu. Kwa hiyo hasira zisikufanye uchome makaratasi, na picha za harusi usifute.