Maswali Yenu: Mchezo wa Kati kwa Mtoto Mwenye Uoni Hafifu

SWALI: Nina mwanafunzi wa Gredi ya 3 mwenye uoni hafifu. Wenzake wanampenda, lakini wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili, yeye huachiwa kulinda masweta. Nifanyeje? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, anza na mpira. Katika kati ya kawaida mpira hupita hewani kimya, naye hujua umefika ukishampiga. Wenu uviringishwe chini. Uzungushieni karatasi tatu au nne za mkate, kisha muutie ndani ya wavu wa vitunguu na kufunga shingo fupi. Msizikaze karatasi; zikikazwa hazichakarishi. Wavu mwekundu hupotea kwenye udongo mwekundu, kwa hiyo fungeni vitambaa vya njano juu yake.

Warushaji waachane mita 6 hivi, na katikati wasizidi watatu, kwa sababu vishindo vya miguu humeza sauti ya mpira. Anayerusha aseme “sasa!” kabla ya kuuachilia, na watazamaji wanyamaze. Kanuni hiyo ya kunyamaza ndiyo ya goalball, mchezo ulioanzishwa 1946 kwa wanajeshi waliopofuka vitani, ambao mpira wake una kengele ndani. Tatizo ni mpira ukisimama: hausikiki tena. Aliye karibu nao apige makofi mawili juu yake.

Chezeni mapumziko ya asubuhi, kivulini. Jua kali la adhuhuri huwaumiza macho watoto wengi wenye uoni hafifu, hasa wenye ualbino.

Akiguswa na mpira, atoke kama wengine. Kumhurumia hapo ni kumrudisha kwenye masweta. Zamu ya kurusha naye apate.

Usimteulie rafiki mmoja wa kudumu. Baada ya wiki chache huyo hugeuka askari wake. Wafundishe wote mambo mawili: kujitaja jina wanapomkaribia, na kumpa kiwiko akishike badala ya kumvuta mkono.

SWALI: Binti yangu hutumia kiti cha magurudumu. Shuleni kazi yake ni kuzungusha kamba tu. – Mama, Nakuru

JIBU: Kuzungusha si vibaya, mama, mradi breki zimefungwa na wengine nao wazungushe kwa zamu. Ila mwombe mwalimu aongeze bano (gololi) mkekani, watoto wote wakiwa wameketi. Binti akiyumba, aegemee ukuta au gunia lililojazwa nguo kuukuu, mikono ibaki huru kupiga bano.