Uwanja mpya, deni la nani? Majibu kwa mashabiki

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia jambo moja: klabu inajenga uwanja wake, mdhamini ametangazwa, na shabiki anataka kujua anaingizwa kwenye nini. Nimechagua zile zinazogusa wengi.

Mdhamini tunaye, picha za kusaini mkataba tumeziona. Mbona sasa uongozi unasema unakopa?

Kwa sababu mdhamini hatoi fedha yote siku anayosaini. Malipo ya haki ya kuupa uwanja jina lake hutolewa mwaka hadi mwaka, wakati mkandarasi anataka chake kila hatua ya kazi inapokaguliwa na kupitishwa. Pengo hilo huzibwa kwa mkopo.

Arsenal ni mfano mzuri. Mwaka 2004 walisaini na shirika la ndege la Emirates mkataba wa pauni zipatazo milioni 100, ndani yake kukiwa na jina la uwanja kwa miaka 15 na kifua cha jezi kwa miaka minane. Ujenzi uligharimu karibu pauni milioni 390. Hata kama fedha ile ingeingia yote kwa mkupuo, isingefika theluthi ya gharama. Sehemu kubwa ilitoka benki, kisha mwaka 2006 deni likageuzwa kuwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, za muda mrefu za pauni milioni 260. Highbury, uwanja wao wa zamani, wakaugeuza nyumba za kuuza.

Kwa hiyo mkipata nafasi ya swali moja kwenye mkutano mkuu, msilimalizie kwenye kiasi anachotoa mdhamini. Ulizeni deni liko kwa jina la nani, linaisha lini na limewekewa dhamana gani. Borussia Dortmund waliuza uwanja wao mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakawa wapangaji ndani ya nyumba yao wenyewe. Mwaka 2005 waliponea chupuchupu kufilisika, na ilipofika 2006 wakakopa ili waurudishe mikononi. Klabu inayoingiza watu wengi uwanjani kuliko karibu klabu yoyote Ulaya! Jukwaa kujaa kila wiki hakukuwakinga na maamuzi ya mezani.

Nimelia niliposikia uwanja utaitwa jina la kampuni. Nazidisha?

Huzidishi hata kidogo. Jina la uwanja ni mali ya waliousimamia kwa sauti zao, na anayeliuza anauza kitu ambacho hakukitengeneza peke yake.

Hata hivyo, ukali wa jambo hili hutegemea umri wa uwanja. Uwanja mpya ukipewa jina la mdhamini kabla ya mechi ya kwanza, watu hulizoea. Uwanja wa zamani ukibadilishwa jina, kidonda hakifungi. Newcastle walijaribu mwaka 2011 kuuita St James' Park kwa jina la kampuni ya mmiliki wao. Mashabiki wakakataa kulitamka, na mwaka uliofuata jina la asili likarudi. Kule Hamburg, Volksparkstadion ulibadilishwa jina mara tatu kati ya 2001 na 2010, kila jina likifuata kampuni nyingine, hadi mwaka 2015 tajiri mmoja mpenzi wa klabu alipolipia haki ya jina ili uwanja uitwe tena kama zamani. Mtu alitoa fedha yake ili ubaoni pasiwe na tangazo. Habari hiyo hunigusa kila ninapoisimulia.

Ipo pia njia ya kati: Barcelona mwaka 2022 waliweka jina la mdhamini wao, Spotify, mbele ya lile la uwanja wao, Camp Nou, bila kulifuta jina la zamani. Na kwenye mashindano ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, majina ya wadhamini huwekwa kando; Allianz Arena, uwanja wa Bayern Munich, huandikwa kama uwanja wa soka wa Munich tu.

Dai linaloweza kutekelezwa ni hili: kabla ya kusaini, majukwaa na mageti yapewe majina ya wachezaji, makocha na watu wa klabu, na mkataba useme wazi kwamba hayo hayauzwi.

Mdhamini akifilisika au akikumbwa na kashfa katikati ya ujenzi, nani anamalizia?

Klabu, ndugu yangu. Daima ni klabu.

Everton waliyaona haya kwa macho. Januari 2020 kampuni ya USM iliwalipa pauni milioni 30 kwa ajili tu ya kuwa ya kwanza kwenye foleni ya kununua jina la uwanja mpya. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na bilionea aliyehusishwa na kampuni hiyo kuwekewa vikwazo, klabu ikasimamisha udhamini wake wote huku nguzo zikiwa zimeshaanza kupanda pale bandarini Liverpool. Kazi haikusimama, lakini miaka iliyofuata ilikuwa ya kukopa na kutafuta mnunuzi wa klabu. Jina lilikuja kununuliwa na kampuni ya mawakili ya Hill Dickinson Mei 2025, miezi michache kabla ya milango kufunguliwa.

Mkataba mzuri unaeleza mambo matatu: mdhamini akichelewa kulipa anatozwa nini, klabu inaweza kumwondoa kwa sababu zipi, na nani anagharamia kung'oa mabango. Viongozi wanaopenda kutaja idadi ya miaka ya mkataba waulizwe pia kuhusu mlango wa kutokea.

Kwa nini tusijenge uwanja mkubwa kuliko wa mahasimu wetu? Tunao watu.

Mnao watu siku ya fainali. Uwanja hupigiwa hesabu kwa mechi ya usiku wa mvua dhidi ya timu inayoshika mkia.

Juventus waliuacha uwanja wa Delle Alpi, uliokuwa na viti zaidi ya 60,000 na njia ya riadha iliyowaweka mashabiki mbali na mpira, wakafungua mwaka 2011 uwanja wa watu wapatao 41,000 kwenye eneo lile lile. Ulijaa, kelele zikarudi, na timu ikatwaa ubingwa wa Italia miaka tisa mfululizo. Sisemi viti vichache vilileta makombe, ila hakuna aliyeyakumbuka majukwaa matupu. Valencia nao walianza mwaka 2007 kujenga uwanja mkubwa huku wakitegemea kuuza ardhi ya ule wa zamani. Bei za ardhi zikaporomoka, kazi ikasimama mwaka 2009, na zege likabaki wazi hadi mafundi waliporudi Januari 2025.

Hasira kwa mahasimu itolewe dakika tisini, si kwenye ramani ya mhandisi.

Tutaacha kusajili?

Mtapunguza. Tottenham, walipokuwa wakijenga uwanja wao mpya, walimaliza madirisha mawili ya usajili, kiangazi cha 2018 na Januari 2019, bila kusajili mchezaji hata mmoja, na bado wakacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019. Arsenal, wakiwa na deni lile la uwanja, walikaa bila kombe kubwa tangu 2005 hadi 2014. Uongozi uwaambie ukweli huu mapema, maana shabiki aliyeambiwa huvumilia kuliko aliyedanganywa.

Sisi wa kawaida tuna nafasi gani zaidi ya kununua tiketi?

Kubwa. Kati ya 2008 na 2009, mashabiki zaidi ya 2,000 wa Union Berlin waliingia wenyewe kazini kuukarabati uwanja wao. Kwa pamoja walitoa saa zipatazo 140,000 bila malipo. Mwaka 2011 klabu ikawauzia wanachama wake hisa za uwanja kwa euro 500 kila moja. Si kila klabu inaweza kuiga, kwa sababu za bima na usalama wa kazi, lakini roho yake inaigika: hisa zenye ukomo ili tajiri mmoja asizibebe zote, na mwakilishi wa wanachama kwenye kamati ya ujenzi. Mwakilishi huyo aonyeshwe ankara, asiishie kupigwa picha na kofia ya usalama.

Tarehe ya ufunguzi imesogezwa tena. Tukasirike?

Inategemea sababu. Tottenham walikusudia kuhamia mwanzoni mwa msimu wa 2018, wakachelewa hadi Aprili 2019 baada ya kasoro kuonekana kwenye mifumo ya usalama. Kabla ya mechi ya ligi walifanya kwanza mechi za majaribio kwa idadi ndogo ya watu, ya kwanza ikiwa ya vijana. Kama kwenu kinachosubiriwa ni kingʼora cha moto au milango ya dharura, subirini kwa moyo mkunjufu, na nendeni kwenye hizo mechi za majaribio pamoja na watoto na wazee wenu, mpime ngazi, vyoo na njia za kutokea. Kama kinachosubiriwa ni malipo ya mkandarasi, hapo kasirikeni, na muombe mkutano wa dharura.