Betamethasoni usoni kwa rosasea
Dada, umeuliza kama upake betamethasoni, yaani krimu kali ya steroidi, kutibu rosasea, ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni. Hapana, usiipake. Betamethasoni hutuliza uso siku chache tu, kisha vipele na wekundu vinarudi vikali zaidi. Ikitumika muda mrefu inaweza hata kuzusha hali kama rosasea kwa ambaye hakuwa nayo. Nipo famasi, na wateja wanaotumia mkorogo wenye steroidi kama hii tunawaona sana na tatizo hilihili. Omba jeli ya metronidazoli 0.75% au krimu ya ivamektini 1%, uipe wiki kadhaa, na losheni ya kukinga jua kila asubuhi. Ila kama umeshapaka betamethasoni kwa miezi, muone daktari wa ngozi akuongoze namna ya kuiacha, maana ukikata ghafla uso unaweza kuwaka vibaya.