Ini, nyongo na mvua za vuli

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, niko Mkuyuni hapa Mwanza, nina miaka 34. Nimepata programu ya wiki sita ya yoga ya yin (ile ya kutulia kwenye pozi moja kwa dakika kadhaa) ya majira ya kuchipua, ya kusawazisha ini na nyongo kwa tiba ya Kichina. Imeandikwa ifanywe Machi hadi Mei, na kwetu hiyo ni masika. Niifanye lini? Halafu nikikaa dakika tano kwenye pozi la batamaji aliyelala (goti moja limekunjwa mbele, mguu wa pili umenyooshwa nyuma, kifua kimeinama mbele), mguu unakufa ganzi hadi vidoleni. Nimeambiwa ni chi, nguvu ya uhai inayotiririka mwilini, inafunguka. Natumaini itanisafisha ini pia, maana nasikia uzito chini ya mbavu za kulia. Nimekulia kisiwani Kome, Ziwa Victoria.

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lililonitia wasiwasi. Hakuna pozi linalosafisha ini. Tiba ya Kichina inaposema ini, haisemi tu kile kiungo kilicho chini ya mbavu zako. Inasema pia mtiririko wa chi, misuli na kano, macho, na hasira. (Hata sisi mtu akimwaga hasira zake tunasema ametema nyongo.) Lakini uzito unaousikia uko kwenye mwili wako, na wewe umekulia ziwani. Mayai ya kichocho cha tumbo hunasa kwenye ini na kuacha makovu polepole, pengine kwa miaka, bila maumivu makubwa. Wiki hii nenda kituo cha afya, useme wazi kwamba umekulia Kome. Omba kupimwa choo, homa ya ini aina ya B, na ultrasaundi ya tumbo. Kikiwa kichocho, dawa yake ni prazikwanteli, nayo inafanya kazi vizuri. Yoga itakusubiri.

Ganzi si chi. Ni mshipa wa fahamu uliobanwa, kwa kawaida nyuma ya nyonga, na kwako wewe unayekaa kitini kutwa nzima nyonga zimeshakaza. Unachotafuta kwenye yin ni mvuto butu, mpana, kwenye nyama ya paja au tako. Ukisikia kuchoma, sindano au ganzi, toka taratibu, hata kama imepita nusu dakika tu. Acha batamaji kwa sasa. Lala chali, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mwenzake, kisha vuta paja la chini kuja kifuani. Pozi hilo linaitwa tundu la sindano, na linafika sehemu ile ile ya nyonga bila kukulalia mguuni. Ganzi ikiendelea hata nje ya mazoezi, mwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Sasa kalenda. Yoga ya yin yenyewe ni changa: chimbuko lake ni Paulie Zink, Mmarekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwanafunzi wake Paul Grilley akaiunganisha na nadharia ya meridiani, yaani njia ambazo chi inasemekana hupita mwilini, aliyoipata kwa Mjapani Hiroshi Motoyama. Kinachohusisha ini na majira ya kuchipua ni cha kale zaidi, kimo katika Huangdi Neijing, kitabu cha tiba cha miaka ipatayo 2,000. Waliokiandika walikuwa China, mahali ambapo baridi huua majani, kisha karibu na tarehe 4 Februari wanahesabu majira mapya yameingia na mti unaanza kusukuma juu. Ndiyo maana ini na nyongo viko chini ya kipengele cha mti, kimoja kati ya vitano vya tiba hiyo. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Ukifuata tarehe zao unafuata hali ya hewa ya watu wengine. Machi yetu ina unyevu mwingi, na kwa hesabu yao wenyewe unyevu ni mambo ya wengu, si ya ini.

Kuchipua kwetu ni Oktoba. Kuanzia Juni ardhi inakauka, kisha mvua za kwanza za vuli zinanyesha na ndani ya siku chache nyasi zinachomoza katikati ya mawe ya Capri Point hapa mjini. Mimi ningeanza programu hapo, nawe ukishapata majibu ya vipimo.

Wanasayansi wa anatomia hawajaiona meridiani mwilini, lakini kama ramani ya mazoezi inasaidia. Ya ini inapanda kutoka kidole gumba cha mguu kwa ndani ya paja. Ya nyongo inashuka kutoka pembe ya jicho, ubavuni, hadi kidole cha nne. Kwa hiyo kipepeo kwanza: kaa juu ya blanketi lililokunjwa, nyayo zigusane mbali kidogo na wewe, mgongo uinamishe mviringo, dakika tatu hadi tano. Kisha ndizi: lala chali, sogeza miguu na mabega upande mmoja hadi ubavu wa pili uvutike, dakika tatu kila upande. Tundu la sindano liwe la mwisho. Kati ya pozi moja na jingine lala tu dakika moja, na ukiinuka geukia ubavu kwanza, usikurupuke kurudi kwenye cherehani.